Bei mbili, saa mbili tofauti: uchambuzi wa kisa cha kuajiri treda wa madini ya thamani

Kisa hiki ni cha mfano. Kampuni, waombaji na matokeo ya mtihani vimetungwa ili hesabu ziweze kufuatwa hatua kwa hatua. Masoko, mikataba, saa za bei na matukio ya miaka iliyopita ni ya kweli. Na kwa kuwa neno "fedha" lina maana mbili, hapa fedha ni madini. Pesa zitaitwa pesa.

Hali ilivyokuwa

Kampuni ya uwekezaji yenye watu sita inasimamia dola milioni 40. Inanunua na kuuza mikataba ya baadaye (ahadi za kununua au kuuza bidhaa tarehe ya mbele kwa bei inayokubaliwa leo) ya dhahabu, fedha, shaba, platinamu na mafuta ghafi, na hadi sasa maamuzi yote hufanywa na watu walioketi mbele ya skrini. Wenye mtaji wanataka dola milioni 5 ziendeshwe kwa mikakati ya hesabu: programu isome bei, itoe uamuzi, itume oda, na mkataba ukae mkononi kati ya siku mbili na wiki sita. Anatafutwa treda mmoja wa kujenga mikakati hiyo na kuiendesha.

Tangazo la kwanza lilibuma. Lilidai shahada ya uzamivu ya hisabati au fizikia, Python na C++, uzoefu wa akili mnemba, na mwisho kabisa likasema kwamba uelewa wa masoko ya bidhaa "utakuwa nyongeza". Yakaja maombi 140, karibu yote ya watu waliozoea kutabiri bei za hisa. Tatizo la hapo si la akili wala elimu. Hisa haina tarehe ya kuisha, haina ghala, haina tarehe ya notisi ya makabidhiano, yaani siku ambayo mwenye mkataba huanza kutakiwa kupokea mzigo wenyewe, na wala humkuti mtu akiuliza ni nani atakayeibeba kutoka mji mmoja hadi mwingine. Mkataba wa dhahabu una hayo yote. Anayeajiri kwa tangazo la namna ile anapata mtu wa kuijua kazi baada ya mwaka mmoja, na ada ya mafunzo yake inalipwa na mtaji wa watu.

Tangazo la pili lilikuwa fupi. Lilitaja masoko yenyewe, muda wa kukaa na mkataba, kiasi cha mtaji, msimbo utakaoandikwa utakuwa mali ya nani, na malipo yatakokotolewa vipi. Maombi yakashuka hadi 31. Baada ya mazungumzo ya simu ya dakika 30 wakabaki watatu.

Wa kwanza alikuwa na uzamivu wa takwimu na miaka mitano ya mikakati ya hisa. Wa pili alikuwa na miaka tisa kwenye meza ya madini ya dalali mmoja, hodari wa kutekeleza oda, lakini zana yake kuu ni lahajedwali. Wa tatu alikuwa na miaka minne kama mchambuzi na mwandishi wa programu katika kampuni inayosafirisha shaba na madini mengine. Kwenye karatasi, wa kwanza alikuwa mbali mbele, na mkuu wa kampuni alikuwa tayari kumpa barua ya ajira kabla ya mtihani.

Mtihani na mitego yake

Kila mmoja alipewa kifurushi cha data, saa nne za kufanya kazi nyumbani, kisha dakika 90 za kutetea kazi mbele ya jopo. Waliombwa wasitumie msimbo wowote wa mwajiri wa zamani, na sharti hilo liliandikwa. Mtu anayekubali kuleta msimbo wa watu kwenye usaili ataondoka na wa kwako pia.

Swali lilikuwa moja: je, uwiano wa dhahabu na fedha, yaani bei ya dhahabu ikigawanywa kwa bei ya fedha, ukitoka kwenye kiwango chake cha kawaida hurudi? Kama ndiyo, jenga mkakati, toa gharama, na useme utashika mikataba mingapi kwa dola milioni 5 na mtikisiko, yaani kupanda na kushuka kwa thamani, wa asilimia 10 kwa mwaka.

Ndani ya kifurushi kulikuwa na bei za kila siku za mnada wa dhahabu wa London wa alasiri, bei za mnada wa fedha wa London, bei za kufungia siku za COMEX, soko la mikataba ya madini la New York, kwa kila mkataba peke yake bila kuunganishwa, mikataba ya WTI, mafuta ghafi ya Marekani, ikiwemo ya Aprili 2020, na shaba kutoka masoko mawili. Hakuna aliyeambiwa kilicho kibaya ndani yake. Shaba ya COMEX huandikwa kwa dola kwa ratili, ya LME, soko la madini la London, kwa dola kwa tani, na tani moja ni ratili 2,204.62, wote watatu waliliona hilo bila shida. Mafuta yaliwagawa. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa Mei wa WTI ulifungwa kwa dola hasi 37.63 kwa pipa. Mwombaji wa kwanza alizifuta bei hizo akiziita kosa la data, kwa sababu logarithi ya namba hasi haipo na programu yake iligoma. Wa tatu alihesabu faida na hasara kwa dola kwa kila mkataba badala ya asilimia, na siku ile ikapita kama siku nyingine ya hasara kubwa. Namna yake ndiyo sahihi hata kusingekuwa na bei hasi. Ukiunganisha mikataba ya miezi mbalimbali kwa kusogeza bei za zamani juu au chini, tofauti za dola zinabaki kweli, lakini asilimia zinakuwa za uongo kwa sababu unagawanya kwa bei ambayo haikuwahi kuwepo sokoni.

Mtego mkuu ulikuwa kwenye faili mbili za London.

Uwiano wa Sharpe wa 2.3

Mwombaji wa kwanza alileta mkakati wenye uwiano wa Sharpe wa 2.3, yaani faida ya ziada ya mwaka ikigawanywa kwa mtikisiko wake. Kwa mkakati wa bei za kila siku kwenye masoko mawili yanayotazamwa na dunia nzima, namba hiyo inatakiwa imshtue aliyeikokotoa kabla ya mtu mwingine yeyote. Yeye aliieleza vizuri, kwa michoro, akaonyesha kuwa inadumu miaka yote ya jaribio lake kwenye bei za zamani na kwamba haitegemei sana vigezo alivyochagua. Yote hayo yalikuwa kweli. Mjumbe mmoja wa jopo akauliza: bei hizi mbili zimechukuliwa saa ngapi?

Mnada wa dhahabu wa London hufanyika mara mbili kwa siku, saa nne na nusu asubuhi na saa tisa alasiri. Wa fedha hufanyika mara moja, saa sita mchana. Kwa hiyo kwenye mstari mmoja wa jedwali, wenye tarehe moja, bei ya dhahabu ni changa kwa saa tatu nzima kuliko ya fedha. Na si saa tatu za usingizi. Takwimu nyingi za uchumi wa Marekani, ikiwemo ripoti ya ajira, hutoka saa mbili na nusu asubuhi New York, ambayo London ni saa saba na nusu mchana. Soko la hisa la New York hufunguliwa saa moja baadaye. Habari nzito za siku huangukia hapo katikati.

Tazama inavyozaa faida isiyokuwepo. Ripoti ya ajira inatoka na nguvu kuliko ilivyotarajiwa. Dhahabu inashuka asilimia 2 na fedha asilimia 3. Kwenye jedwali, dhahabu ya saa tisa imeshashuka, lakini fedha ya saa sita iko palepale, haijui kitu. Uwiano unaonekana umeporomoka kwa asilimia 2. Kanuni inasema uwiano ukiwa chini sana nunua dhahabu, uza fedha. Kesho yake mnada wa fedha unasajili ule mshuko wa asilimia 3, na jaribio linaandika faida. Hakuna binadamu angeweza kuuza fedha saa tisa alasiri kwa bei ya saa sita mchana. Mkakati ulikuwa unasoma gazeti la leo na kununua kwa bei za jana.

Kilichowatenganisha waombaji ni jinsi wa tatu alivyolithibitisha jambo hilo bila kuulizwa. Alianza kama mwenzake, akapata 2.1, na kwenye maelezo yake akaandika kuwa namba hiyo haiaminiki. Kisha akagawa faida kwa pande: kiasi gani kimetoka kwenye dhahabu na kiasi gani kwenye fedha. Karibu yote ilitoka kwenye fedha. Akarudia jaribio kwa dhahabu ya mnada wa asubuhi, saa nne na nusu. Sasa dhahabu ndiyo iliyochakaa, kwa saa moja na nusu, na fedha ndiyo changa. Faida ikapungua, kwa kuwa pengo ni fupi na asubuhi habari ni chache, lakini pia ikahamia upande wa dhahabu. Tabia ya kweli ya soko haihami kutoka madini moja kwenda mengine kwa sababu umebadilisha saa ya ukutani. Baada ya hapo akatumia bei za kufungia siku za COMEX, ambazo kwa dhahabu huchukuliwa saa saba na nusu mchana New York na kwa fedha dakika tano kabla yake. Uwiano wa Sharpe ukashuka hadi 0.4, gharama zikiwa bado hazijatolewa.

Kuna jaribio la haraka zaidi ambalo kila anayeajiri anaweza kulidai: chelewesha oda kwa siku moja na utazame. Mkakati wa kurudi kwenye kiwango unaodai kukaa wiki kadhaa haupaswi kufa kwa kuchelewa siku moja. Ule wa 2.3 ulikufa hapohapo.

Mwombaji wa tatu aliongeza jambo moja dogo linaloonyesha mkono uliozoea. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo kila mwaka kuna wiki chache ambazo New York na London hupishana kwa saa nne badala ya tano. Programu inayotuma oda "saa tisa London" ikidhani imeshaiacha ripoti ya Marekani nyuma kwa muda fulani itakuwa imekosea katika wiki hizo. Yeye alihifadhi kila muda kwa saa ya dunia, yaani UTC, na kubadilisha mwishoni tu.

Gharama, na ukubwa wa oda

Mwombaji wa kwanza alikata gharama ya asilimia 0.01 kwa kila biashara, namba aliyoibeba kutoka kwenye hisa. Jopo lilimwomba aifanye kwa mikataba yenyewe. Mkataba wa dhahabu wa COMEX ni aunsi 100 na hatua ndogo ya bei ni senti 10 kwa aunsi, sawa na dola 10. Wa fedha ni aunsi 5,000, hatua ni nusu senti, sawa na dola 25. Tuchukue dhahabu dola 2,000 na fedha dola 25 ili hesabu iwe nyepesi. Mkataba mmoja wa dhahabu una thamani ya dola 200,000, wa fedha dola 125,000. Mikataba 5 ya dhahabu dhidi ya 8 ya fedha inatoa dola milioni moja kila upande.

Ukipoteza hatua moja wakati wa kuingia na moja wakati wa kutoka, dhahabu inakula dola 100 na fedha dola 400. Kamisheni ya dola 2.50 kwa mkataba kila unapoingia na tena kila unapotoka inaongeza 65. Jumla dola 565. Mkakati wake uliingia na kutoka mara 120 kwa mwaka: dola 67,800, karibu asilimia 6.8 ya ile milioni. Uwiano wa Sharpe wa 0.4 kwenye jozi hiyo ya dhahabu na fedha yenye mtikisiko wa asilimia 18 ni faida ya asilimia 7 hivi. Kinachobaki hakitoshi kulipia data. Angalia pia kwamba fedha peke yake, kwa hatua zake tu, imebeba zaidi ya theluthi mbili ya gharama. Ndiyo maana treda wa madini akiona mkakati wenye fedha ndani yake huuliza kwanza unageuka mara ngapi kwa mwaka.

Hapa mwombaji wa pili, yule wa lahajedwali, aliwapita wenzake wote. Alisema milioni kwa milioni si dau la uwiano hata kidogo. Ni dau la fedha kupanda au kushuka. Fedha hutikisika kuliko dhahabu. Tuseme kila dhahabu inapokwenda asilimia 1, fedha huenda 1.6. Umenunua dhahabu na kuuza fedha, kisha madini yote yashuke kwa mwendo wake wa kawaida, dhahabu asilimia 2: unapoteza dola 20,000 upande mmoja na kupata 32,000 upande wa pili. Umepata 12,000 wakati uwiano haujafanya jambo lolote lisilo la kawaida. Kwa dola milioni moja ya dhahabu unahitaji dola 625,000 za fedha, yaani mikataba 5 kwa 5. Aliyasema hayo bila kugusa kompyuta.

Mwombaji wa tatu alifika kwenye 5 kwa 5 kwa kukokotoa, akapunguza mwendo wa mkakati hadi biashara 15 kwa mwaka, akapata faida ya asilimia 4.5 kabla ya gharama na 3.9 baada yake, kwa mtikisiko wa asilimia 15. Uwiano wa Sharpe: 0.26. Aliandika kwamba hauwezi kusimama peke yake, unaweza tu kuwa kipande kidogo kati ya mikakati mingine. Kwa ukubwa wa oda: dola milioni 5 kwa mtikisiko wa asilimia 10 ni dola 500,000 kwa mwaka, jozi moja inatikisika kwa 150,000, kwa hiyo jozi tatu na theluthi, mikataba 16 ya dhahabu na 16 ya fedha. Akaongeza kuwa huo ni ukomo ikiwa mkakati ungekuwa pekee, na asingeuendesha hivyo. Mwombaji anayekuletea 0.26 na kuitetea kama 0.26 amekupa kitu ambacho 2.3 haiwezi kukupa.

Maswali ya soko linapovunjika

Dakika 30 za mwisho zilikuwa za matukio. La kwanza: Machi 2020, bei ya mkataba wa dhahabu wa New York ilipanda juu ya bei ya papo kwa papo ya London kwa zaidi ya dola 50 kwa aunsi, pengo ambalo kwa kawaida ni la dola chache. Ungefanya nini?

Wa kwanza alisema angeuza pengo hilo, kwa kuwa limevuka mara tatu ya mkengeuko wake wa kawaida. Wa tatu alisema vivyo hivyo, ila kwa nusu ya kiasi, na hapo alipoteza alama nyingi. Wa pili alieleza kilichokuwa kikitokea. Pengo hukaa dogo kwa sababu dhahabu inaweza kuhamishwa. Mikuo ya London, yaani vipande vya dhahabu iliyoyeyushwa na kumiminwa, huwa na uzito wa karibu aunsi 400. Mkataba wa New York ulikuwa unapokea mkuo wa aunsi 100 au mitatu ya kilo moja. Anayetaka kuziba pengo huyeyusha mikuo mikubwa kuwa midogo, kisha huipakia kwenye ndege. Wiki ile viwanda vikubwa vya kusafishia dhahabu vya Ticino, Uswisi, vilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na ndege za abiria, ambazo hubeba dhahabu nyingi kwenye mizigo yake, zilikuwa chini. Kamba inayozivuta bei mbili pamoja ilikatika. Takwimu za miaka iliyopita zote zilikusanywa wakati kamba ipo, kwa hiyo haziwezi kukuambia pengo litafika wapi isipokuwepo. Baadaye CME, kampuni inayomiliki COMEX, ilianzisha mkataba mpya unaopokea mikuo ya aunsi 400 pia.

La pili: tarehe 8 Machi 2022 nikeli ya LME ilipita dola 100,000 kwa tani, soko likasimamisha biashara na kufuta biashara za siku hiyo. Ulikuwa umeuza nikeli yako kwa faida na kununua kitu kingine kama kinga mahali pengine. Upande mmoja umefutwa. Programu yako inajua? Hakuna aliyelijibu vizuri. Jibu linalotafutwa ni la kawaida kabisa: programu isiamini kumbukumbu yake yenyewe juu ya mikataba iliyonayo, isome kutoka kwa dalali kila inapoanza na kila inapotaka kutuma oda, na ikiona tofauti isimame na kumwita mtu.

La tatu lilihusu dhamana, yaani pesa unazotakiwa kuweka ili uruhusiwe kushika mkataba. Kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2011 CME ilipandisha dhamana ya mikataba ya fedha mara kadhaa ndani ya wiki mbili, na bei ikaanguka kutoka karibu dola 49 hadi chini ya 36 ndani ya wiki moja. Mkakati unaotumia pesa zote za akaunti kama dhamana ungefungwa na dalali kabla haujafungwa na kanuni zake. Wa pili na wa tatu wote walitaja kuacha zaidi ya nusu ya pesa bila kutumika.

Uamuzi

Mwombaji wa kwanza alipoonyeshwa kosa la saa hakubishana. Alikwenda ubaoni, akagawa faida kwa pande, akathibitisha mwenyewe kwa dakika kumi, akaishusha namba yake. Hilo lilimpandisha sana machoni pa jopo, na lilifanya uamuzi kuwa mgumu. Lakini ndani ya kampuni hakukuwa na mtu wa hesabu wa kumkagua mwaka mzima wakati anajifunza mikataba, na kosa linalofuata lisingekuwa na mjumbe wa kuuliza saa ngapi. Kampuni yenye timu ya watu kumi wa hesabu ingefanya vyema kumchukua yeye.

Aliajiriwa wa tatu. Wa pili alipewa kazi ya utekelezaji wa oda na uhamishaji wa mikataba kutoka mwezi unaoisha kwenda unaofuata, nafasi ambayo haikuwa kwenye tangazo, kwa sababu jibu lake la Machi 2020 liliziba tundu lililoonekana wazi kwa wa tatu. Kila mwisho wa Novemba ni yeye atakayehakikisha hakuna mkataba wa Desemba wa dhahabu ulionunuliwa unaobaki mkononi: siku ya kwanza ya notisi ya makabidhiano ni siku ya mwisho ya kazi ya mwezi unaotangulia, na anayesahau anaweza kujikuta ameandikiwa mikuo ya dhahabu na ankara yake.

Marejeo yaliulizwa kwa simu, si kwa barua, na swali muhimu lilikuwa kama mwombaji amewahi kuonywa juu ya oda za hadaa, zile zinazowekwa bila nia ya kutekelezwa ili kusukuma bei. Sheria ya Dodd-Frank ya 2010 imezipiga marufuku waziwazi Marekani, na Septemba 2020 benki ya JPMorgan ilikubali kulipa dola milioni 920 kwa makosa ya aina hiyo kwenye madini ya thamani na hati fungani za serikali.

Malipo yalichukua wiki mbili za majadiliano. Rasimu ya kwanza ilimpa asilimia 12 ya faida ya kila mwaka. Hesabu yake: mwaka wa kwanza faida dola 500,000, analipwa 60,000, mwaka wa pili hasara 500,000, halipwi kitu. Kampuni imerudi sifuri na imetoa 60,000. Mtu mwaminifu kabisa akiwa kwenye mkataba wa namna hiyo atavutwa kuongeza ukubwa wa oda, maana hasara si yake. Mkataba uliosainiwa ulisema hasara inabebwa mbele na lazima izibwe kabla ya bonasi nyingine, nusu ya bonasi inashikiliwa mwaka mmoja, na faida inahesabiwa baada ya kutoa gharama za data, kamisheni na seva.

Siku 90 za mwanzo

Siku 20 za soko zilipita bila pesa halisi. Baada ya hapo sehemu ya kumi ya ukubwa, kwa mikataba midogo: ya dhahabu aunsi 10, ya fedha aunsi 1,000. Mikataba 16 na 16 ikawa midogo 16 ya dhahabu na 8 ya fedha kama ukomo. Kitufe cha kuzima programu kiliwekwa mikononi mwa mtu asiye treda, na toleo jipya la programu halikuruhusiwa kuanza bila mtu wa pili kuthibitisha kuwa liko kwenye seva zote. Agosti 1, 2012 Knight Capital ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 kwa dakika 45 hivi kwa sababu seva moja kati ya nane ilibaki na msimbo wa zamani.

Kila oda iliandikwa kwa namba tatu: bei ambayo jaribio lilidhani, bei ya soko oda ilipotumwa, na bei iliyopatikana. Kufikia siku ya 60 oda za dhahabu na fedha zilikuwa 212, kutoka mikakati mitatu. Dhahabu ilipoteza hatua 0.9 kwa wastani, chini kidogo ya iliyokadiriwa. Fedha ilipoteza 1.4. Mwombaji wa tatu, sasa treda, alipanga oda za fedha kwa saa na ziada yote ikajikusanya mahali pamoja: dakika chache baada ya saa kumi na mbili jioni New York, soko linapofunguliwa tena baada ya mapumziko ya saa moja. Daftari la oda wakati huo ni jembamba, wanunuzi na wauzaji ni wachache. Programu ilikuwa ikituma hapo kwa sababu ndipo faili ya data ilipoanza siku mpya. Oda zikasogezwa hadi mchana wa London, wakati New York imeshaamka. Wiki nne zilizofuata fedha ilipoteza 1.1. Ukomo wa dhahabu ukapandishwa hadi nusu ya ukubwa kamili. Wa fedha ukaachwa kwenye sehemu ya kumi hadi mwezi wa nne.